Umemaliza masomo na hujui uelekee wapi: mwongozo wa wiki 12 kwa kijana wa miaka ya ishirini

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Nimemaliza chuo, sasa nifanye nini?" "Nina laki tatu, nianze biashara gani?" "Nikasome shahada ya pili au nitafute kazi yoyote?" Aliyeishia kidato cha nne anauliza hilo hilo kwa maneno yake: niko mjini mwaka wa tatu, nahangaika kila siku, lakini sioni ninakokwenda.

Jibu kwa wote ni moja. Mwelekeo hauji kwa kuwaza kitandani usiku, wala kwa kusikiliza wahamasishaji. Unakuja kwa kujaribu mambo machache, kwa muda uliowekewa mwisho, kwa fedha ambayo ikipotea utalala na utaamka, na kuandika kila kilichotokea. Ukiwa na miaka 23 huhitaji mpango wa maisha yote. Unahitaji kujua mwaka ujao utautumia kwenye nini, na wiki 12 zinatosha kulijua hilo.

Mifano ya gharama humu ni ya Dar es Salaam. Ukiwa Mwanza, Mbeya au Kahama, weka bei za kwenu; hatua hazibadiliki.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja la mkono, kurasa 96 au zaidi. Simu inafaa pia, ila ukiifungua kuandika matumizi utajikuta umeingia kwingine.
- Taarifa ya miamala ya miezi mitatu iliyopita, ya mtandao wa simu na ya benki.
- Nyaraka zako zote mahali pamoja: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani vya NECTA, cheti na transkripti ya chuo kama unavyo.
- Saa sita kwa wiki ambazo hakuna mtu mwingine anazidai.
- Fedha ya majaribio. Elfu hamsini inatosha, na hata sifuri inawezekana. Isiwe ya mkopo.
- Mtu mmoja wa kukusimamia: amekuzidi umri walau miaka mitano, si mpenzi wako, na hakudai wala humdai. Anaweza kuwa binamu, mwalimu wa zamani, mama mdogo au jirani. Kazi yake ni moja tu, kukuuliza kila Jumapili: "Wiki hii umefanya nini? Nionyeshe daftari."

Huyo wa mwisho watu humruka, na ndiyo maana wengi huishia wiki ya tatu.

Hatua ya 1: Nyoosha nyaraka (wiki ya 1)

Fanya kazi hii kwanza kwa sababu nafasi ikitokea haisubiri. Kagua jina lako herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na NIDA. "Mohamed" huku na "Mohammed" kule, au jina la babu lililoachwa kwenye cheti kimoja, ni tofauti inayoweza kukukwamisha siku ya usaili. Ikiwepo, nenda kwa wakili uulize kuhusu hati ya kiapo, na ofisi ya NIDA ya wilaya uulize utaratibu wa marekebisho. Cheti kimepotea? Anza na ripoti ya upotevu kutoka polisi. Kila ofisi utakayokwenda baadaye itaidai.

Kisha chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Ni bure, na ukiwa na namba ya NIDA huchelewi. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira hata kama leo hakuna tangazo la fani yako, pakia vyeti vyote, na uandike nywila kwenye daftari. Wengi hukosa nafasi za serikali kwa sababu wanaanza kupakia vyeti siku ya mwisho usiku, mtandao umeelemewa.

Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, omba taarifa ya deni lako sasa. Deni halifi kwa kukaa kimya, na ukiajiriwa makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Hatua ya 2: Jua fedha yako ilivyo (wiki ya 1 na ya 2)

Chukua taarifa ya miamala na kalamu. Kila fedha iliyotoka iandikie herufi moja: K kwa kodi, umeme na maji, C chakula, N nauli, B bando na vocha, F familia na michango, M mkeka, yaani kubeti, S starehe na pombe, D madeni. Jumlisha kila herufi kwa mwezi. Ada za kutuma na kutoa ziweke peke yake; kwa anayetoa elfu tano tano kila siku, ada hizo zinafika mbali kuliko anavyodhani. Usijihukumu wakati wa kujumlisha. Andika tu.

Tuchukue kijana anayepata shilingi 350,000 kwa mwezi, amepanga chumba kimoja:

- Kodi: 60,000
- Chakula, 5,000 kwa siku: 150,000
- Nauli, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, siku 26: 62,400
- Umeme na maji: 12,000
- Bando: 15,000
- Sabuni, kinyozi na vidogo vidogo: 15,000
- Nyumbani: 30,000

Jumla 344,400. Kinabaki 5,600. Mtu huyu akiambiwa "wekeza asilimia 20 ya kipato chako" anaumia bure, kwa sababu ushauri huo haumhusu. Kukata bando hakutamwokoa. Vitu viwili tu vina nafasi ya kusogea: chakula na nauli. Akipika na mwenzake wa jirani, akabeba chakula cha mchana, siku inashuka hadi 3,500, yaani 105,000 kwa mwezi. Akihamia chumba cha 80,000 kilicho umbali wa daladala moja, nauli inakuwa 31,200. Ameongeza 20,000 kwenye kodi lakini ameokoa nauli 31,200, na saa moja au zaidi kila siku imerudi mikononi. Sasa kinabaki 61,800. Kwa hiyo kabla ya kubana, tafuta mistari miwili mikubwa.

Ukihama, kumbuka dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hapa ndipo vijana wengi huanguka: miezi miwili ya kati wanajiona wana fedha, mwezi wa tatu wanakopa. Kodi ya 80,000 kwa miezi mitatu ni 240,000. Maana yake kila mwezi, siku ile ile fedha inapoingia, 80,000 inahama kwenda mahali ambapo huwezi kuigusa kwa simu. Kijumbe, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, kinaweza kusaidia kama zamu yako inaangukia mwezi wa kodi, mshika fedha mnamfahamu anapoishi, na majina na tarehe vimeandikwa. Usicheze michezo miwili kwa wakati mmoja.

Lengo la kwanza la akiba ni kodi ya mkupuo unaofuata. La pili ni chakula na nauli ya mwezi mmoja. Ukifika hapo ndipo uanze kuuliza habari za mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au hisa.

*Tahadhari kuhusu mikopo.* Mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kali, na ule wa programu za simu haujengi mwelekeo wowote. Unakupa wiki mbili za kupumua na miezi ya kukimbia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa hazina leseni. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, ifute: siku ukichelewa, ujumbe utamfikia shemeji yako na bosi wako. Kama tayari unadaiwa sehemu tatu nne, ziandike zote, anza kumaliza lile deni dogo lenye riba kali, na wengine waombe tarehe mpya kabla ya siku ya kulipa kufika. Anayepiga simu mapema husikilizwa zaidi kuliko anayezima simu.

Hatua ya 3: Hesabu saa zako

Wiki ina saa 168. Toa usingizi 56, kazi pamoja na njiani 60, mlo, kuoga, kufua na ibada 21. Zinabaki 31. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha muda uliotumia kwenye kila programu, na uandike jumla ya wiki iliyopita. Hapo utajua zile 31 zinakokwenda. Kata saa sita tu, uzifunge kwa siku na muda: mfano Jumanne na Alhamisi saa 1 hadi saa 3 usiku, Jumamosi saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Anayesema "nikipata nafasi" hapati.

Hatua ya 4: Andika orodha, kisha chagua mbili (wiki ya 2)

Andika vitu 15 vinavyoweza kukuingizia kipato au kukupa ujuzi, bila kuchuja. Kisha pitisha kila kimoja kwenye maswali haya manne:

1. Kuna mtu ninayeweza kumfikia ambaye tayari anakifanya?
2. Ninaweza kukijaribu kwa wiki nne, kwa saa sita kwa wiki?
3. Kikishindikana kabisa, nitapoteza kiasi gani?
4. Kuna mtu atanilipa, au atapata faida ya kweli, ndani ya hizo wiki nne?

Kinachoangusha maswali mawili kifute. Baki na viwili, na ni vizuri vikiwa vya aina tofauti: kimoja cha fani yako, kingine cha mikono au biashara.

Kilimo kinahitaji uangalifu hapa. Tikiti linataka kama miezi mitatu na vitunguu mitatu hadi minne, kwa hiyo havijaribiki kwa mwezi. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, au nenda kafanye kazi Jumamosi kwenye shamba la mtu uone ratiba ya kumwagilia na bei ya sokoni inavyopanda na kushuka. Anayeanza na ekari tatu za tikiti kwa fedha za kukopa anacheza kamari.

Kwa anayetaka kazi ya ofisini, jaribio lake ni kutengeneza kazi inayoonekana. Umesoma uhasibu? Omba duka moja la mtaani ulitunzie vitabu kwa wiki nne: mauzo ya siku, manunuzi, wanaokopa na waliolipa, stoo ya Jumapili hadi Jumapili. Mwisho mpe mwenye duka ukurasa mmoja unaoonyesha bidhaa tano zinazompa faida na mbili zinazomla mtaji. Ukurasa huo, jina la duka likiwa limefichwa, una uzito kwenye usaili kuliko mstari usemao "mchapakazi na mwaminifu". Umesoma ualimu, fundisha tuisheni watoto wanne na upime alama kabla na baada. Umesoma ustawi wa jamii, nenda ofisi ya kata.

Hatua ya 5: Zungumza na watu watatu kwa kila chaguo (wiki ya 2)

Tafuta mmoja aliyeanza mwaka huu, mmoja wa miaka mitano, na mmoja aliyeiacha kazi hiyo. Huyo wa tatu ni wa thamani sana na hakuna anayemtafuta.

Ujumbe wa kutuma uwe mfupi: "Shikamoo kaka. Naitwa ___, namba yako nimepewa na ___. Nataka kujifunza ufundi wa friji na kabla ya kuanza naomba dakika 20 nikuulize maswali matano. Sitaomba kazi wala fedha. Jumamosi mchana nikikufuata kijiweni utakuwa na nafasi?" Aliyekuzidi kidogo tu mpe "habari za kazi dada" au "kaka". Nenda muda ambao wateja ni wachache, na ukifika akiwa na kazi, shika tochi au mfagio umsaidie.

Muulize haya: Mwezi wa kwanza mtu anaingiza kiasi gani? Miezi gani ni mibaya? Kifaa gani ninunue kwanza na kipi nisinunue? Wateja gani hawalipi? Walioacha waliacha kwa nini? Usiulize "je, inalipa?" Kila mtu hujibu "inalipa kama uko siriasi", na hujapata kitu.

Hatua ya 6: Jaribu, wiki nne nne (wiki ya 3 hadi ya 10)

Jaribio la kwanza wiki ya 3 hadi 6, la pili wiki ya 7 hadi 10. Usifanye yote mawili pamoja. Likikwama moja utakimbilia jingine na hutajifunza lolote.

Kwenye daftari chora safu tano: tarehe, saa nilizotumia, fedha iliyotoka, fedha iliyoingia, na "kesho ningependa kurudi?" Safu ya mwisho jibu ndiyo au hapana, usiku huo huo. Ukijaza Jumapili kwa kumbukumbu utajidanganya.

Hesabu saa na nauli zako, hata kama hakuna anayekulipa. Mfano wa mitumba: umedamkia Karume, Ilala, ukachagua nguo 10 kwa 4,000 kila moja, jumla 40,000. Umeuza saba kwa 7,000, ukapata 49,000. Nauli 2,400, bando la kupiga picha na kuposti 3,000. Mkononi umebaki na faida ya 3,600 na nguo tatu ambazo hazijatoka. Saa zilizotumika ni 14. Anayeanza ataandika "nimeuza elfu 49, biashara ipo", kumbe amelipwa kama shilingi 257 kwa saa. Hiyo haimaanishi aache. Inamwonyesha pa kushika: kama zile tatu zilibaki kwa sababu ya saizi, safari ijayo achukue saizi zinazoulizwa, kama saa tisa kati ya 14 zilikwenda kwenye kupeleka mzigo kwa mteja mmoja mmoja, apange siku moja ya kupeleka wote.

Makosa yanayoharibu jaribio:

- *Kununua vifaa kabla ya mteja.* Cherehani, kamera au mashine ya popkoni inayokaa chini ya kitanda ni mtaji uliokufa. Azima au kodi kwanza.
- *Kuwauzia ndugu na marafiki peke yao.* Wananunua kwa huruma, wengi kwa mkopo. Hesabu wateja usiowafahamu tu.
- *Kujitolea bila tarehe ya mwisho.* Kujitolea ni jaribio zuri kama mmekubaliana miezi mitatu isizidi, nauli inalipwa, na mwisho unapewa barua inayotaja kazi ulizofanya. Bila hayo, miaka miwili inapita wewe ukitoa fotokopi.
- *"Ajira" inayokudai fedha.* Ada ya fomu, ada ya sare, ada ya mafunzo, au kutakiwa ulete watu wawili ili ulipwe: ondoka. Kazi za Uarabuni pia usizikubali kwa maneno. Dai mkataba ulioandikwa, hakikisha wakala ana leseni, acha nakala ya pasipoti na mkataba nyumbani, na asikuambie mtu kwamba utasaini ukishafika.

Kama katika kipindi hiki unaomba kazi pia, peleka maombi matano kwa wiki, kila barua ikitaja kazi yenyewe na kitu kimoja ulichokwisha kufanya kinachofanana nayo. Barua moja inayotumwa sehemu hamsini hutambulika kwenye mstari wa kwanza.

Hatua ya 7: Weka vigingi vinne vya uwiano (kuanzia wiki ya 1)

Hii inakwenda sambamba na nyingine zote. Usihangaike kugawa kila siku sawasawa, hakuna anayeweza. Weka vigingi vichache ambavyo wiki yoyote iwavyo havihami.

*Usingizi.* Saa saba hadi nane kwa usiku, na muda wa kuamka usiobadilika hata Jumapili. Simu ichajiwe mbali na kitanda. Anayepata usingizi wa saa nne tu kila usiku kwa mwezi mzima hafai kuamua kuhusu kazi, ndoa wala deni.

*Mwili.* Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Huhitaji gym: shuka vituo viwili kabla ya chako, tembea haraka dakika 30, siku tano. Mara moja kwa mwaka pima presha, sukari, VVU na homa ya ini B, hata kama huumwi.

*Siku moja isiyo na mishemishe.* Ijumaa, Jumamosi au Jumapili kwa imani na ratiba yako. Siku hiyo hakuna kuuza, kuposti wala kuomba kazi. Keti na watu wanaokujua kabla hujawa na cheo chochote.

*Mipaka ya fedha kwa watu.* Hapa pana uzito kuliko vigingi vyote, kwa sababu kijana wa kwanza kupata chochote kwenye ukoo hugeuka benki. Kumsaidia mzazi ni heshima na furaha, na huo ndio msingi wa kuiwekea kiasi na tarehe: kinachopangwa hakikatiki. Sema kabla hujaombwa: "Shikamoo mama. Nimepanga kila tarehe 5 nitume elfu thelathini pamoja na ya kutolea. Mwezi nikipata zaidi nitaongeza mwenyewe. Kikitokea cha ghafla kama ugonjwa, nipigie tuzungumze." Kisha itume tarehe 5 bila kukumbushwa. Wazazi wengi wanachoumia nacho ni kutojua kama itakuja.

Michango ya harusi panga kwa mwaka. Mwezi Januari andika kiasi, tuseme 150,000, na uamue ni za watu gani: ndugu wa damu na marafiki wasiozidi watatu. Wengine waambie mapema na kwa upole, "Hongera sana, nitakuja kusaidia kazi ya siku hiyo, mchango mwaka huu sitaweza." Kamati ikipewa jibu wiki ya kwanza haikasiriki kama inayopigwa kalenda miezi mitatu. Misiba iache nje ya hesabu hii.

Na kama herufi M ilikuwa na fedha kwenye hatua ya 2, funga akaunti ya kubeti sasa. Usipunguze. Funga.

Hatua ya 8: Amua (wiki ya 11 na ya 12)

Keti na msimamizi wako na daftari. Kwa kila jaribio angalia mambo matatu: "ndiyo" kwenye safu ya mwisho zimefika nusu? Fedha kwa saa imepanda kati ya wiki ya kwanza na ya nne? Kuna mtu usiyemfahamu aliyerudi au aliyeleta mwingine?

Matatu yakiwa ndiyo, hicho ndicho cha mwaka wako. Kipe saa 12 kwa wiki badala ya sita, na utafute mafunzo rasmi. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi akapata cheti bila kuanza darasani upya. Mawili yakiwa ndiyo, badilisha kitu kimoja na urudie wiki nne. Chini ya hapo, acha bila aibu na urudi kwenye orodha ya 15.

Wanaouliza kuhusu shahada ya pili: nenda kama kazi unayoitaka inaidai kwa maandishi, au kuna anayekulipia. Kwenda kwa sababu ajira hazijatoka ni kuahirisha swali hili kwa miaka miwili na kulirudia ukiwa na deni.

Ukipata ajira, hesabu kinachofika mkononi kabla hujaahidi mtu kitu. Mshahara wa 700,000 kwa viwango vinavyojulikana: mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF asilimia 10 ni 70,000, kodi ya mapato kwenye 630,000 iliyobaki ni 42,000, HESLB asilimia 15 ni 105,000. Unachukua 483,000. Wengi hupanga nyumba kwa kuangalia ile 700,000.

Ukikwama

*"Niliacha daftari wiki ya nne."* Usirudi mwanzo. Anza na ukurasa wa leo, acha wiki zilizopotea wazi. Kama umeacha mara mbili, mabadiliko yawe kwenye msimamizi: tafuta anayeuliza kweli.

*"Majaribio yote mawili yamefeli."* Tazama safu ya saa kwanza. Kama hukufikisha saa 20 kwa jaribio, halijafeli, halikufanyika. Kama ulifikisha, mara nyingi tatizo liko kwenye swali la nne la hatua ya 4: ulichagua kitu ambacho hakuna aliyekihitaji mtaani kwako.

*"Sina hata shilingi ya kuanzia."* Uza bidhaa ya mtu kwa kamisheni, fanya udeiwaka, yaani kazi za kulipwa kwa siku, siku mbili kwa wiki, au kaa kwa fundi kama msaidizi kwa makubaliano ya miezi mitatu. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ina fungu la vijana la asilimia 4, lakini inakwenda kwa vikundi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukiwa tayari na rekodi ya mauzo.

*"Wazazi wanataka nisubiri ajira ya serikali."* Usibishane nao. Waonyeshe Ajira Portal uliyokamilisha na maombi uliyotuma, kisha daftari. Mzazi akiona unafanya yote mawili hoja yake inapungua nguvu.

*"Nikiangalia wenzangu naona nimechelewa."* Nyamazisha kurasa zao kwa wiki 12, huna haja ya kuwafuta. Linganisha daftari lako la wiki ya 2 na la wiki ya 8.

*"Silali, sili, sina hamu ya chochote kwa zaidi ya wiki mbili."* Simamisha majaribio. Huo si uvivu na hauponi kwa ratiba. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kukuandikia rufaa. Mawazo ya kujidhuru yakija, usibaki peke yako usiku huo: mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, alale na wewe, na akupeleke hospitali hata kabla hakujapambazuka. Mpango utakusubiri, rudi nao wiki ile utakayoanza kulala vizuri, ukianzia hatua ya 7.